Paa Ndilo Linaloamua: Kupanga Umeme wa Jua Kwenye Boti ya Kuishi

Mwenye nyumba Malindi au Tanga akiona umeme wa sola haumtoshi, hupanda juu ya bati akaongeza paneli. Bati likijaa, husimamisha nguzo uani. Anayeishi ndani ya boti hana ua. Ana paa la mita chache za mraba, na hilo nalo linagombaniwa na mlingoti, tangi la maji, kamba za turubai, nguo za kuanika na watu wanaotaka kupunga upepo jioni. Swali ambalo wengi huingia nalo dukani, "Ninunue sola ngapi?", kwake limekwisha kujibiwa na fundi aliyeunda chombo. Lililobaki ni gumu zaidi: kwa umeme ambao paa hili linaweza kutoa, nitaishi vipi?

Tuchukue mfano wa mashua ya urefu wa mita 10 na upana wa mita 3, iliyojengewa kibanda na kutiwa nanga katika hori ya Kilifi au kwenye mkondo kati ya Lamu na Manda. Wakaaji ni wawili au watatu, wanafanya kazi, wanapika, wanalala humo humo. Mengi yanayoandikwa kuhusu umeme wa vyombo vya aina hii yametoka Uingereza, Ulaya na Marekani, ambako hofu kubwa ni majira ya baridi na siku fupi. Baharini kwetu, adui ni joto, chumvi, kivuli na mawingu ya masika. Ushauri wa kule ukihamishwa mzima mzima, mtu hutumia pesa kujikinga na baridi isiyokuwepo na kujiacha wazi mbele ya chumvi iliyomzunguka pande zote.

Orodha kabla ya duka

Hesabu haina siri. Andika kila kifaa, wati zake na muda kinaofanya kazi kwa siku, kisha zidisha. Jibu ni wati-saa, na wati-saa 1,000 ndizo uniti moja ile ile inayonunuliwa kwa tokeni.

Katika mashua yetu, friji ya volti 12 ya lita 50 hivi, kwa joto la pwani, hula kama wati-saa 500 kwa siku. Feni mbili za wati 15 zikizunguka saa 10 za usiku ni 300. Kompyuta mpakato kwa saa 4 ni 200. Taa tano za LED za wati 5, kuanzia magharibi hadi watu walale, ni 125. Ruta ya intaneti 120, redio ya VHF iliyoachwa ikisikiliza mchana 60, simu tatu 45. Pampu ya maji ya matumizi na ile ya kutoa maji ya ngama, zote pamoja, 50. Taa ya nanga, ambayo kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini zinataka iwake usiku kucha, ni 36 tu ikiwa ya LED. Jumla ni 1,436, yaani karibu uniti moja na nusu.

Orodha hii inaonyesha mambo mawili yasiyoonekana dukani. La kwanza, friji peke yake ni theluthi ya kila kitu. Shilingi inayotumika kuongeza unene wa kizuia joto kwenye kuta za friji, kuihamisha mbali na jiko na injini, na kuchagua inayofunguliwa kwa juu ili baridi isimwagike kila mlango unapofunguliwa, huokoa umeme mwingi kuliko shilingi ile ile ikinunua paneli. La pili, sehemu kubwa ya matumizi huangukia usiku: feni, taa, friji na taa ya nanga. Jua likizama, paneli hata zingekuwa kumi hazimsaidii mtu. Kinachobeba usiku ni betri.

Kuna mlaji mwingine asiyeandikwa kwenye orodha: inveta. Watu wengi hununua friji ya kawaida ya volti 240 kwa sababu ni rahisi kupatikana, kisha huiwekea inveta inayowaka mchana na usiku. Inveta ikiwa imewashwa tu, bila kulisha chochote, yaweza kula wati 10 hadi 20. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240 hadi 480, karibu friji ya pili isiyopoza hata chupa moja ya maji. Ndiyo maana vifaa vya kila saa, yaani friji, feni, taa, pampu na ruta, viwe vya volti 12 moja kwa moja, na inveta iwashwe kwa kazi maalumu na kuzimwa kazi ikiisha.

Jua tulilo nalo

Paneli iliyoandikwa wati 400 hupimwa maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zake zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa la mashua saa saba mchana, seli hufika nyuzi 60 na zaidi. Kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza umeme kwa karibu asilimia 0.35, kwa hiyo joto peke yake huondoa asilimia 12 hivi. Ongeza vumbi, chumvi iliyokauka, kinyesi cha ndege na upotevu wa nyaya na kontrola, na ni busara kuhesabu robo tatu ya kilichoandikwa.

Pwani ya Kenya na Tanzania hupata, kwa wastani wa mwaka, jua linalolingana na saa 5 hivi za jua kamili kwa siku. Paneli mbili za wati 400, zikikaa kwa robo tatu ya nguvu yake, hutoa uniti 3 siku ya jua zuri. Hiyo ni mara mbili ya mahitaji yetu, na hapa ndipo mtu hushawishika kwamba paneli moja ingetosha. Lakini Mei, mawingu yanapotanda na jua kamili likishuka hadi saa mbili na nusu, paneli hizo mbili hutoa uniti moja na nusu, kiasi kile kile kinacholiwa. Mfumo wa boti hupangwa kwa wiki ya masika. Wiki ya Januari itajipanga yenyewe.

Paneli ya wati 400 ina ukubwa wa karibu mita 1.7 kwa 1.1 na uzito wa kilo 21 hivi. Mbili huchukua mita 4 za mraba, na katika mashua yetu hapo nafasi isiyo na kivuli imekwisha. Paneli zile nyepesi zinazopindika, ambazo hugundishwa moja kwa moja juu ya paa, huvutia kwa sababu hazina fremu wala uzito. Tatizo lake ni kwamba zikilala juu ya paa hazipati hewa chini, hupata joto zaidi, na huchakaa mapema kuliko za kioo. Paneli ya kioo iliyoinuliwa sentimeta 10 juu ya paa, upepo ukipita chini yake, hufanya kazi vizuri zaidi na hukigawia kibanda kivuli.

Je, zielekezwe wapi? Mitaani tumezoea kuona paneli zimeinamishwa, na kwa London hilo lina maana kubwa: jua la adhuhuri ya Desemba huko huwa nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Lamu, iliyo nyuzi 2 kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 64 mwaka mzima. Isitoshe, chombo kilichotia nanga hugeuka na upepo na kwa kujaa na kupwa kwa maji, kwa hiyo upande uliokuwa kaskazini asubuhi huweza kuwa kusini jioni. Laza paneli, zipe mwinamo wa nyuzi 5 hivi ili mvua izioshe, basi.

Kivuli na upepo

Kwenye mashua, kivuli ni mwizi mkubwa kuliko mawingu. Paneli ya kawaida imegawanywa ndani katika sehemu tatu zenye njia ya kupitisha umeme pembeni sehemu moja ikizibwa. Kivuli cha mlingoti kikilala juu ya safu moja ya seli, theluthi nzima ya paneli yaweza kulala nayo. Foromali iliyoshushwa vibaya au turubai lililokunjwa pembeni hufanya vivyo hivyo. Na kwa kuwa chombo kinageuka, kivuli hakikai mahali pamoja: kipimo cha siku moja asubuhi hakitoshi. Anayetaka kujua ukweli akae juu ya chombo chake siku nzima, maji yakijaa na yakipwa, achore kwa chaki mahali kivuli kinapopita.

Kwa sababu hiyo hiyo, paneli mbili za boti ni afadhali ziunganishwe sambamba, au kila moja ipewe kontrola yake, kuliko kufungwa kwa mfululizo. Zikiwa sambamba, moja ikipata kivuli nyingine huendelea na kazi yake.

Upepo nao una hesabu yake. Mshindo wa kilomita 70 kwa saa husukuma kila mita ya mraba iliyoukabili kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 25, na paneli moja ina karibu mita mbili za mraba. Skrubu fupi zilizopigwa kwenye ubao wa paa hazitavumilia kusi. Fremu ifungwe kwa bolti zinazopenya hadi kwenye boriti za paa, zenye sahani ya chuma upande wa chini. Kumbuka pia kwamba kilo 50 au 60 zilizowekwa juu hupunguza utulivu wa chombo. Betri nzito zikilala chini, karibu na mkuku, hurudisha sehemu ya uwiano huo.

Betri: pesa nyingi ziko hapa

Bei ya paneli duniani ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020. Mazoea ya wanunuzi hayajafuata: bado mtu hutumia pesa nyingi kwenye paneli, kisha hukimbilia betri ya gari kwa sababu ni rahisi. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache na kujazwa mara moja. Ukiikausha kila usiku, itakufa upesi.

Uchaguzi wa kweli ni kati ya betri za asidi zilizoundwa kwa ajili ya sola na betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma. Betri ya asidi haitaki kutumiwa zaidi ya nusu. Yenye ampea-saa 200 na volti 12 ina wati-saa 2,400 kwenye lebo, lakini zinazotumika bila kuiumiza ni 1,200. Ya lithiamu yenye ampea-saa hizo hizo hutoa zaidi ya 2,000 na kurudia hivyo mara elfu kadhaa, huku ya asidi ikihesabu mara mia kadhaa. Kwa uzito, ya lithiamu ni kilo 25 hivi. Za asidi za kutoa kazi hiyo hiyo zingekaribia kilo 110.

Kuna tofauti nyingine ambayo kwa boti ni kubwa kuliko uzito. Betri ya asidi hujazwa polepole mwishoni. Asilimia 20 za mwisho huchukua saa nyingi, na isipojazwa kabisa mara kwa mara, salfeti huganda kwenye sahani zake na uwezo wake hupungua moja kwa moja. Katika wiki ya mawingu haijai hata siku moja. Betri ya lithiamu haijali kukaa nusu. Kwa hali ya hewa ya Mei, sifa hiyo ndiyo inayostahili kulipiwa.

Joto hula zote mbili. Kwa betri ya asidi, kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya 25 hukata maisha yake kwa nusu. Basi betri isikae ubavuni mwa injini wala chini ya bati linalopigwa na jua. Ikae chini, pakavu, penye hewa, imefungwa mkanda usioteleza chombo kikiyumba. Betri ya asidi inapojazwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo isifungiwe ndani ya sanduku lisilo na tundu la juu. Na maji ya bahari yakiingia ndani yake huzalisha klorini, gesi ya sumu ambayo mabaharia wa nyambizi waliiogopa kwa miongo mingi. Ngama ikijaa usiku watu wamelala, betri iliyowekwa chini kupita kiasi ni hatari mara mbili. Mahali pake ni juu ya kiwango ambacho maji ya ngama yaweza kufika.

Kontrola na nyaya

Hapa ndipo mifumo mingi huharibika, tena kwa vitu vya bei ndogo. Kontrola za bei rahisi za PWM huilazimisha paneli ifanye kazi kwa volti ya betri. Paneli ya nyumbani ya wati 400 hutoa volti 31 na ampea 13. Ukiifunga kwenye betri ya volti 12 kwa PWM, ampea hubaki 13 na volti hushuka hadi 13: wati 170 hivi. Zaidi ya nusu ya paneli imepotea, na paa halikuongezeka. Kontrola ya MPPT hubadilisha volti zilizozidi kuwa ampea, na ndiyo pekee yenye maana mahali ambapo nafasi ni finyu. Kwa wati 800 na betri ya volti 12, iwe ya ampea 60.

Nyaya zina hesabu inayowashangaza hata mafundi wazuri wa majumbani. Friji ya mashua yetu huvuta ampea 5, na iko mita 6 kutoka kwenye betri. Fundi aliyezoea volti 240 atapitisha waya wa milimita 1.5 za mraba, ule wa taa za nyumbani. Kwenda na kurudi ni mita 12. Volti zinazopotea njiani ni 0.7. Katika volti 240 hiyo si kitu. Katika volti 12 ni karibu asilimia 6, na kompresa inapojaribu kuanza huvuta zaidi na upotevu huongezeka maradufu. Alfajiri, betri ikiwa imeshuka kidogo, friji huona volti pungufu na kujizima. Mwenye chombo huamua kwamba betri imekufa, akanunua nyingine. Waya wa milimita 6 za mraba ungepunguza upotevu huo hadi chini ya volti 0.2 na kuokoa bei ya betri nzima.

Kenya, tangu kanuni za mwaka 2012, fundi wa sola hutakiwa kuwa na leseni. Leseni ni jambo jema, ila mafunzo mengi ni ya paa la nchi kavu. Unapomwita fundi, muulize atatumia waya gani kwa volti 12 na kwa nini. Anayejibu kwa kuuliza urefu wa njia na ampea za kifaa anaijua kazi. Anayesema "weka huu tu, bosi, utakubali" mshukuru, umlipe nauli.

Volti 12 haimrushi mtu, na kwa hiyo humfanya azoee. Hatari yake ni moto. Betri ya lithiamu ikigusanishwa ncha zake kwa spana hutoa mamia ya ampea kwa papo hapo, na ubao uliopakwa mafuta kwa miaka hauhitaji kubembelezwa. Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, ndani ya sentimeta 20 hivi, na kila njia iwe na fyuzi yake inayolingana na unene wa waya. Moto baharini hauna jirani wa kuja na ndoo.

Kisha chumvi. Waya wa shaba tupu hugeuka kijani ndani ya ganda lake baada ya muda. Wa shaba iliyopakwa bati hudumu. Viungio vifungwe kwa mirija inayosinyaa kwa joto yenye gundi ndani, na ncha zipakwe grisi. Fremu za alumini zitenganishwe na bolti za chuma kisichoshika kutu kwa washa za plastiki, la sivyo alumini huliwa. Na kila kifaa kiwe na nyaya zake mbili, chanya na hasi. Kutumia mwili wa injini au vyuma vya chombo kama njia ya kurudishia umeme hualika umeme wa kuzurura, ambao hula shafti, rafadha na misumari iliyoshika mbao.

Jiko na injini

Mpaka hapa mashua inaishi vizuri. Mgogoro huanza mtu anapotaka joto. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 27 hadi kuchemka huhitaji karibu wati-saa 100 ukihesabu upotevu. Chupa mbili za chai za lita moja na nusu ni 300, sawa na feni zote za usiku. Sufuria ya presha ya umeme hupika maharage kwa nusu uniti au pungufu, na katika siku ya jua zuri, ikiwashwa saa sita mchana betri ikiwa inajaa, inawezekana. Jiko la koili linalowaka asubuhi na jioni haliwezekani kwa paa hili. Mtungi mdogo wa gesi, uliofungwa mahali ambapo gesi ikivuja itatoka nje badala ya kushuka ngamani, bado una kazi yake.

Mgogoro wa injini ni mkubwa zaidi. Mota ya kilowati 5 kwa saa moja hula uniti 5, matumizi ya siku tatu ya kibanda kizima. Vyombo vinavyosukumwa na jua vipo. Tûranor PlanetSolar iliizunguka dunia kati ya Septemba 2010 na Mei 2012, lakini ilibeba mita za mraba 537 za paneli na tani kadhaa za betri. Kerala, India, kivuko cha Aditya kimekuwa kikivusha abiria 75 kwa jua tangu 2017, kwa njia fupi inayojulikana na paa lote limefunikwa. Vyote viwili viliundwa kwa ajili ya paa lake. Mashua iliyoundwa kwa ajili ya tanga na mizigo haina sababu ya kuona haya kuweka injini ya mafuta kwa safari chache na kuacha jua lihudumie maisha ya kila siku.

Mpangilio wa uamuzi

Waswahili wanasema kupanga ni kuchagua, na kwenye boti uchaguzi una mfuatano wake. Kwanza pima paa na uondoe kila penye kivuli. Kinachobaki, kwa wati 200 hivi kwa mita ya mraba, ndicho kipato chako. Pili, kikadirie kwa Mei. Tatu, andika matumizi na uyapunguze hadi yaingie humo, ukianzia na friji na inveta. Nne, nunua betri ya kubeba usiku mmoja na siku moja ya mawingu. Kwa mashua yetu, ampea-saa 200 za lithiamu zinatosha. Tano, tumia bila ubahili kwenye nyaya, fyuzi na kontrola. Paneli, ambazo kila mtu huanza nazo, ndizo za mwisho kununuliwa, kwa sababu idadi yake imekwisha kujulikana.

Kuna watakaosema huu ni ubahili, na kwamba jenereta ndogo ingemaliza mjadala. Jenereta ni akiba nzuri kwa wiki mbaya, lakini inayonguruma kila jioni ni ushahidi kwamba orodha ya matumizi haikuwahi kuandikwa. Uniti moja na nusu kwa siku hutoa maji baridi, upepo wa usiku, mwanga wa kusomea, kazi ya kompyuta na simu zilizojaa. Atakayetaka zaidi ya hapo aanze kwa kusema atapunguza nini, au aonyeshe mita ya mraba ambayo hitaji lake jipya litakaa.